Siku nyumba nzima ilipogoma: jinsi hitilafu mbili zinavyofichana

Julai mwaka jana, Jumamosi moja ya upepo wa kusi, nyumba yetu ya Chumbageni, mjini Tanga, iliamka imegoma. Umeme ulikatika usiku na kurudi alfajiri, lakini friji ilikuwa kimya. Taa za ruta, kile kisanduku cha intaneti, ziliwaka, zikazimika, zikawaka tena. Kompyuta ya mezani iliwaka vizuri, ila kila tovuti tuliyofungua ilikataa. Kwenye televisheni nusu ya chaneli hazikuwepo. Na mdogo wangu alikuwa na fomu ya kuombea chuo ambayo dirisha lake lilikuwa linafungwa saa 6 usiku wa siku ile ile.

Aliyewahi kupitia siku kama hiyo anaijua hasira yake. Kitu kimoja kikiharibika unakipeleka kwa fundi, yameisha. Hapa unajaribu jambo la maana na halisaidii, unajaribu la pili nalo halisaidii, mpaka unaanza kutilia shaka hata yale uliyokuwa na hakika nayo. Watu wengi hujilaumu: mimi vitu hivi siviwezi, niitieni vijana. Mimi nimekuja kuamini kwamba kosa mara nyingi haliko kwa mtu. Liko kwenye namna hitilafu zinavyokaa, na jambo hilo linaelezeka.

Chukua ruta na kompyuta tu. Ili ukurasa ufunguke, vyote viwili lazima viwe vizima. Kikiharibika kimoja, kazi ni nyepesi: unagusa hiki, unagusa kile, ukigusa chenyewe ukurasa unafunguka na unajua ulipokuwa ugonjwa. Sasa viharibike vyote viwili kwa pamoja. Unaanza na ruta, unaitengeneza sawasawa kwa kuibadilishia adapta, yaani chaja yake, unarudi kwenye ukurasa: haufunguki. Unasema, kumbe ruta haikuwa na tatizo, unarudisha adapta yake ya zamani na kuhamia kwenye kompyuta. Kompyuta nayo unaitengeneza sawasawa. Ukurasa bado haufunguki, kwa sababu ruta umeshairudisha kwenye ubovu wake. Umefanya marekebisho mawili, yote sahihi, na yote mawili yameonekana kuwa makosa. Ukiendelea kwa mtindo huo utazunguka mpaka kesho. Uhodari hautakusaidia, kwa kuwa kila ukipata jibu unalitupa.

Kinachotuponza ni kupima kila kitu kwa matokeo ya mwisho. Ukurasa ni kiungo cha mwisho katika mnyororo mrefu: nguzo ya umeme, mita, soketi, adapta, ruta, mnara au waya wa nje, kompyuta, halafu ndiyo tovuti. Ukurasa ukikataa, unajua tu kwamba mahali fulani mnyororo umekatika. Haukuambii wapi, wala umekatika mara ngapi. Kwa hiyo kila kiungo kinatakiwa kiulizwe swali lake chenyewe, na kikishajibu vizuri kiachwe hapo hapo, kisirudishwe nyuma, hata kama ukurasa bado umenuna.

Asubuhi ile hatukufanya hivyo hata kidogo. Tulianza na friji kwa sababu samaki walikuwa ndani. Friji ilikuwa imechomekwa kwenye kile kifaa cha kuilinda dhidi ya umeme mbovu, na taa yake ilikuwa nyekundu. Tulisubiri, maana kifaa hicho huchelewesha umeme kwa dakika kama 3 kila unaporudi. Hilo lina sababu: kompresa, ile pampu ya gesi ya friji, ikizimika, gesi ndani ya mabomba bado ina mgandamizo mkubwa upande mmoja, na ikiwashwa papo hapo mota inalazimika kusukuma dhidi ya mgandamizo huo na inaweza kuungua. Dakika zile ni za kusubiri pande mbili zilingane. Lakini zilipita dakika 20 na taa ikabaki nyekundu. Mjomba akasema kifaa kimekufa, tuiunganishe friji moja kwa moja ukutani. Alikuwa ameshashika plagi mkononi. Aliyemzuia ni bibi, akasema tu, "Subirini fundi, mwanangu." Mpaka leo namshukuru, kwa sababu nitakayoieleza mbele.

Kwenye ruta hatukupata wa kutuzuia. Tuliizima na kuiwasha mara nne au tano. Kuzima na kuwasha si ushirikina kama wengine wanavyodhani: ruta ni kompyuta ndogo, kumbukumbu yake ya muda hujaa mambo yaliyopitwa na wakati, na ukiichomoa kwa nusu dakika hivi umeme uliobaki ndani unakwisha na inaanza upya ikiwa safi. Mara moja inatosha. Ikishindikana, kurudia ni kupoteza muda. Mjomba akachukua sindano akabonyeza kile kitundu cha nyuma.

Kitundu hicho nawasihi watu wakiache. Kinafuta kila kitu ulichopanga: jina la mtandao wako, nywila, na kwa baadhi ya ruta hata maelezo ya kuingilia kwa kampuni inayokuuzia intaneti. Baada ya hapo simu zote nyumbani hazikuuona mtandao wetu, kwa sababu jina lake lilikuwa limerudi lile lililobandikwa kwenye karatasi chini ya ruta. Nyumba iliyoamka na hitilafu kadhaa sasa ilikuwa na nyingine mpya, na hii tuliileta wenyewe. Siku mambo yanapoharibika, sehemu kubwa ya maharibiko ya mchana hutokana na mikono ya asubuhi.

Nikatoka nje kumuuliza jirani. Hilo ndilo lingekuwa jambo la kwanza, kabla ya kugusa chochote. Kuna hitilafu ambazo nyumba yako haihusiki nazo kabisa. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili zinazopita chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikazorota Tanzania na nchi jirani kwa siku kadhaa. Mtu wa Tanga aliyeshinda siku ile akichomoa na kuchomeka ruta yake alikuwa anatibu mgonjwa ambaye haumwi. Jirani kwa kipimo hiki anazidi mita yoyote. Kama naye hana, pumzika, tatizo liko nje. Kama anayo, rudi ndani.

Jirani wetu alikuwa na intaneti. Ila aliniambia jambo ambalo sikulipa uzito: feni yake tangu usiku ilikuwa inazunguka kivivu, na taa zake zilikuwa zimefifia.

Fundi alikuja saa 8 mchana kutoka Ngamiani. Hakugusa ruta, hakuuliza habari za kompyuta. Alimsalimu bibi, akakaa, akauliza, "Usiku umeme ulipokatika, nani alikuwa macho?" Bibi ndiye alikuwa macho. Alisema kwamba kabla ya kukatika, taa ya ukumbini iliwaka kwa mwanga mkali usio wa kawaida, na feni ilikuwa inakwenda mbio mpaka akaogopa. Tangu asubuhi hakuna aliyemuuliza.

Fundi akachomeka mita yake kwenye soketi. Ilisoma volti 262. Baada ya muda mfupi 241, kisha ikapanda tena. Akatuambia tuzime swichi kuu, nyumba nzima.

Mambo yalikuwa hivi. Umeme wa mtaani hupita kwa nyaya tatu za fezi, zinazouleta, na moja ya nyutro. Nyumba ya kawaida huchukua fezi moja na nyutro, na kati ya hizo mbili kuna volti 230. Kati ya fezi na fezi kuna volti 400. Nyutro ndiyo njia ya wote ya kurudi, na ikiwa imara kila nyumba hupata 230 yake bila kujali jirani anafanya nini. Nyutro ikilegea au kukatika mahali fulani kwenye nguzo, nyumba zilizo kwenye fezi tofauti hujikuta zimeunganika zenyewe kwa zenyewe juu ya zile volti 400, na huzigawana kwa kadiri ya vifaa vilivyowashwa. Yenye vifaa vingi hupata volti chache. Yenye vifaa vichache hupata nyingi. Usiku ule sisi tulikuwa na taa moja na feni, jirani alikuwa na vitu vizito. Feni yetu ikaenda mbio, yake ikazunguka kivivu. Ugonjwa mmoja, dalili mbili zinazopingana, ndiyo maana hakuna kati yetu aliyedhani tunaumwa kitu kimoja.

Sisi wa Tanga tuna msemo wa waja leo waondoka leo, na nyutro iliyolegea ina tabia hiyo. Jirani akizima pasi, volti zako zinabadilika. Upepo ukitikisa waya, zinabadilika. Ukipima wakati mbaya unakuta kila kitu kiko sawa. Hitilafu inayokuja na kuondoka ndiyo ngumu kuliko zote, na njia niliyoiona ya kuikamata ni kuuliza watu waliokuwepo na kuandika saa. Dalili za nyutro nazo ni vizuri kila mtu azijue: taa kung'aa kupita kawaida au kufifia bila mpangilio, feni kubadili mwendo yenyewe, na majirani kuwa na malalamiko yanayopishana. Ukiziona, zima swichi kuu na piga simu ya dharura ya shirika la umeme. Kazi ya nguzo si ya fundi wa mtaani, na waya huo unaua.

Ile taa nyekundu ya kifaa cha friji sasa ilieleweka. Kifaa kilikuwa kizima, kinafanya kazi yake, kinakataa kuipa friji volti ambazo zingeiunguza. Sisi tulikisoma kama kibovu kwa sababu kilikataa. Plagi ile ingeingia ukutani asubuhi, tungepoteza friji.

Mafundi wa shirika la umeme walifika saa 11 jioni, wakapanda nguzo, wakakaza kiungo cha nyutro. Mita ikasoma 231. Tukawasha swichi kuu, tukasubiri zile dakika, friji ikaanza kuvuma. Mdogo wangu alikuwa amekaa kitako mlangoni na karatasi zake mapajani, saa zinakwenda.

Ruta ikaendelea kuwaka na kuzima. Hapa ningekuwa peke yangu ningesema, basi umeme haukuwa tatizo la ruta, na ningeanza kuzunguka tena. Fundi alichomoa adapta kwenye ruta akaipima: volti 12, kama ilivyoandikwa. Nzima, nikasema. Akatikisa kichwa, akaichomeka tena na kupima huku ruta ikifanya kazi. Ilianguka mpaka 9. Adapta ina kapasita ndani, vijisehemu vya kutunza umeme kwa muda mfupi, na volti za usiku ule zilikuwa zimezidhoofisha. Bila mzigo inaonyesha 12 kamili. Ruta inapoanza inakula kidogo, taa zinawaka moja baada ya nyingine. Ikifika kwenye kurusha mawimbi inahitaji zaidi, adapta inashindwa, ruta inazimika, inaanza upya. Taa kuwaka kunakuambia umeme umefika. Haikuambii kama unatosha.

Tuliazima adapta kwa jirani, na hapa kuna jambo ambalo watu wengi hulielewa kinyume. Volti lazima zilingane: ruta ya volti 12 ipewe 12, ukiipa 19 ya laptopu umeiua. Ampea, yaani kiasi cha mkondo ambacho adapta inaweza kutoa, ni tofauti. Ikiwa adapta ya zamani imeandikwa ampea 1, ya ampea 2 haina madhara yoyote, kwa sababu ruta huchukua kiasi inachohitaji tu. Ya nusu ampea ndiyo itakayorudisha ugonjwa ule ule. Kisha tazama mchoro mdogo wa vijiduara kwenye karatasi ya adapta, unaoonyesha kama chanya iko katikati ya kichwa au pembeni. Michoro ifanane. Nimeona ruta zikiharibiwa kwa kutoangalia mchoro huo.

Ruta ikatulia. Simu, baada ya kuwekewa jina na nywila za kwenye karatasi, zikafungua kila kitu. Kompyuta ya mezani, iliyounganishwa na ruta ile ile kwa waya, ikakataa.

Sasa hilo halikututisha, kwa sababu simu zilikuwa zimethibitisha kila kiungo kuanzia nguzo mpaka ruta. Kilichobaki ni kompyuta na waya wake. Jaribio la pili lilikuwa kuangalia kama ruta imeipa anwani. Kila kifaa kikiingia kwenye mtandao hupewa namba yake, na nyumbani mara nyingi huanza na 192.168. Ukiona imeanza na 169.254, kifaa kimejipa namba chenyewe baada ya kuomba na kukosa, na hapo unarudi kwenye waya au ruta. Ya kwetu ilikuwa sawa. Kompyuta ilikuwa inafika kwenye intaneti. Ilikuwa inafika na kukataa kuingia.

Mdogo wangu ndiye aliyeona. Kwenye kona ya kioo tarehe ilikuwa 1 Januari, na mwaka ulikuwa wa miaka mingi nyuma.

Tovuti salama hujitambulisha kwa cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta inayoamini kwamba iko miaka kumi nyuma hukiona cheti ambacho hakijaanza kutumika, na inafanya inavyotakiwa kufanya: inakataa na kuandika onyo la usalama. Tulipolisoma onyo lile tulidhani ni la intaneti. Saa ya kompyuta hutunzwa na betri ndogo ya duara kama sarafu, ya volti 3, yenye maandishi CR2032, bei yake haifiki nauli ya kwenda Pangani na kurudi. Ya kwetu ilikuwa imekufa zamani, labda miezi mingi. Hatukujua kwa sababu kompyuta ile iko kwenye UPS, sanduku la betri la akiba, na umeme ukikatika kwa dakika chache UPS iliendelea kuilisha na saa ikaendelea kutembea. Usiku ule umeme ulikaa nje kwa muda mrefu, UPS ikaisha, na saa ikarudi mwanzo.

Saa kusimamisha kifaa kizima si jambo geni kwetu. Mita za LUKU, za umeme wa kulipia kabla, zimewahi kutufikisha huko. Katika mfumo wa mita za namna hiyo, hapa na kwingineko duniani, kila tokeni, ile namba unayonunua na kuiingiza kwenye mita, ilipewa alama ya muda kwa kuhesabu dakika tangu 1 Januari 1993, na nafasi ya kuhesabia ilikuwa na dakika 16,777,216 tu. Zikaisha 24 Novemba 2024. Kabla ya siku hiyo TANESCO, shirika letu la umeme, iliwapa wateja namba za ziada za kuingiza kwenye mita ili hesabu ianze upya, na mita ambayo haikuingizwa haikuwa na ubovu wowote wa waya wala chuma, ila isingepokea tokeni mpya. Watu walihangaika na namba zile wakidhani mita imekufa. Tangu siku ile ya fomu, kifaa kizima kikikataa bila sababu, mimi huangalia tarehe kwanza, kwa kuwa ni kipimo cha sekunde moja.

Tukarekebisha tarehe kwa mkono. Fomu iliondoka saa 4 kasoro usiku. Mdogo wangu aliisoma mara tatu kabla ya kubonyeza, kisha akaenda kulala bila kula.

Ikabaki televisheni, na hii fundi aliiacha mpaka Jumapili. Kwa kuwa mambo yote yaligunduliwa siku moja, sote tuliamini yameharibika usiku mmoja. Siku ya fujo huwa hivyo: watu wanaangalia kila kitu kwa jicho la shaka, na ubovu wa zamani unahesabiwa pamoja na mpya. Ukiutafutia sababu kwenye umeme wa jana hutaipata.

Alipanda juu kwenye dishi. Kile kichwa kinachotazama sahani, mafundi wanakiita LNB, hupokea mawimbi ya aina mbili, ya wima na ya mlalo, na king'amuzi hukiambia kichukue yapi kwa kukipelekea volti kupitia waya ule ule wa picha: 13 kwa ya wima, 18 kwa ya mlalo. Waya ukiwa na kiungo kibovu, volti hupungua njiani. Zile 18 zinafika kama 14 au 15, kichwa kinadhani kimeombwa ya wima, na chaneli zote za mlalo zinapotea huku za wima zikionekana safi kabisa. Ndiyo sababu ya nusu kuwepo na nusu kukosekana, jambo ambalo mtu wa kawaida atasema haliwezi kuwa waya, maana waya ukikatika hupoteza zote.

Alifungua kiungo. Shaba ya ndani ilikuwa ya kijani, inapukutika. Chumvi ya bahari haina haraka, inachukua misimu, na kiungo kile hakikuwa kimefungwa mpira wala kupakwa grisi. Akakata kipande, akafunga kiungo kipya, akakizungushia utepe.

Chaneli zilirudi zote. Bibi alikuwa amekaa kwenye kochi lake, akaiona moja aliyokuwa akiipenda, ya mawaidha.

"Hii," akasema, "mimi sijaiona tangu Ramadhani. Nilidhani mmeacha kulipia, nikaona si vizuri kuwauliza."